Chupa Zilizonuka Dizeli

Kituo cha hewa, mlimani
4 Februari

Mpwa wangu Chiriku,

Kaa vizuri kwenye kiti kabla hujasoma, maana anayekuandikia si mtu mdogo. Dunia nzima inavuta hewa, lakini anayejua inavuta nini ni mimi. Marais wakilala, wafalme wakipiga miayo, mjomba wako yuko kileleni na mlingoti wake, anaukamata upepo shingo kama kuku na kuutia chupani. Bila mimi, hicho kikao chenu cha mataifa kuhusu hewa ukaa kingekuwa baraza la kupiga soga.

Najua utacheka. Mama yako naye alicheka siku niliyopata kazi hii. Alisema, "Kaka, yaani wanakulipa kwa hewa? Si umetugawia bure miaka yote?" Leo binti yake yuko ng'ambo, kwenye maabara inayozipokea chupa hizo hizo. Usidhani uliingia huko kwa vyeti peke yake. Uliingia kwa nyota ya mjomba. Mimi niliishia darasa la sita, si kwa ujinga, ila mwalimu alikuwa ameishiwa.

Utaratibu wangu ni ule ule wa miaka kumi. Kila Jumanne jua likianza kuegemea nabeba sanduku hadi kileleni. Nautazama upepo usoni, nainua mlingoti unaovutia hewa chupani, nabana pumzi, nafungua koki, naondoka kwa adabu ili hata jasho langu lisiingie. Mtaalamu aliyenifundisha alisema watu wengi hushindwa kubana pumzi sekunde kumi na tano. Mimi huenda dakika sita. Siku moja nilisahau kuanza kupumua tena, nikala chakula cha jioni hivyo hivyo.

Juzi nilimweleza dereva wa gari la vifaa maana ya kazi yetu. Nikamwambia: chukua watu milioni moja, wasimamishe uwanjani. Enzi za mababu, mia mbili na themanini kati yao walibeba kaa la moto mfukoni. Leo waliobeba ni mia nne na ishirini na kitu. Ukitupa jicho huwaoni, lakini uwanja unapata joto, na wa pembeni aliyekuja bila hata kiberiti anaungua na wenzake. Akasema, "Mzee, unga wako nimeuweka mlangoni," akaenda zake. Hata injini hakuzima.

Hapa pazuri. Chumba, kitanda, meza, redio inayoshika stesheni moja na nusu. Usisikie watu wakisema mlimani kuna upweke. Mtu mkubwa hana upweke, ana nafasi.

Andika ndefu, hata ya upuuzi.

Mjomba wako,
Mkuu wa Hewa Yote ya Upande Huu wa Dunia


Maabara, ghorofa ya chini
21 Februari

Shikamoo Mjomba,

Barua yako niliikuta kwenye pamba, katikati ya chupa, mahali pake. Niliisoma mara mbili nikiwa nimesimama. Ile ya kusahau kupumua imenichekesha peke yangu mpaka mwenzangu wa meza ya pili akageuka. Huku tunavaa vizibo vya masikio kwa sababu mashine zinavuma kutwa, kwa hiyo kicheko alikiona tu, hakukisikia.

Nina swali la kazi. Vituo vingine vya ukanda wetu vinasoma hewa ukaa mia nne na ishirini na tano kwa kila milioni. Chupa zako za mara hii zimesoma mia nne na arobaini na moja, mia nne na thelathini na nane, na moja imefika mia nne na sabini. Nikadhani mashine inaumwa. Nikaipeleka chupa kwenye mashine ya pili, ile inayonusa moshi wa injini. Ikanusa dizeli, Mjomba. Dizeli huko juu!

Nimerudi nyuma kwenye kumbukumbu. Hali hii ina miezi, ila inakuja na kuondoka. Wiki hii ipo, wiki ijayo haipo, ndiyo maana hatukuishtukia.

Je, wamekuletea jenereta? Kuna mtu anapanda na gari hadi kileleni? Niambie tu. Hakuna anayekulaumu, na huku hakuna anayejua kuwa wewe ni mjomba wangu. Kwenye karatasi zao wewe ni mtunza kituo na namba.

Mimi mzima. Chumba chetu hakina dirisha, najua mvua ilinyesha kwa kuona miavuli mlangoni.

Mpwa wako,
Chiriku


Mlimani
6 Machi

Chiriku wangu,

Umeniuliza kuhusu dizeli, na jibu ninalo. Tena ninayo matatu, chagua.

Kwanza, kuna ndege. Si hizi za juu zenye mkia wa moshi. Hii hupita chini chini, nusura ininyoe. Rubani ananifahamu kwa sura. Wiki ile ya mia nne na sabini alipunguza mwendo akatoa mkono dirishani kunisalimia, nami kwa heshima nikaacha koki wazi nikampungia. Ndiyo hiyo.

Pili, moshi wa viwanda vya mbali una akili. Unajua huku kuna mtu anayeupima. Unapaa, unavuka mipaka bila pasi, unakuja kujificha nyuma ya jiwe langu, na nikifungua koki tu, huyo! Mwambie Mkuu wako alipeleke hilo kikaoni. Nchi zenye mabomba ya moshi zinajidai zimepunguza, kumbe moshi wao umehamia kwangu kama mkimbizi.

Tatu, ni chafya yangu. Mwaka juzi nilipiga chafya moja, mawingu yakarudi yalikotoka, na watu wa bondeni wakaanika nguo.

Jenereta hakuna. Gari haliwezi kufika kileleni, hata mbuzi hufikiria mara mbili. Chupa zangu safi. Miaka kumi hakuna aliyenionyesha kidole, na sasa anatokea binti niliyemfundisha kupuliza filimbi ya jani, ananiuliza kuhusu dizeli! Nyani haoni kundule: hebu pimeni hewa ya hicho chumba chenu kisicho na dirisha kwanza.

Lakini tuyaache. Hukunieleza habari za wakubwa. Kikaoni unakaa safu ya ngapi? Marais wanakuja na walinzi hadi ndani? Ukipata nafasi mmoja wao mwambie, "Mjomba wangu ndiye yule." Atajua.

Mjomba wako,
Shahidi Mkuu wa Upepo


Maabara
22 Machi

Mjomba,

Mama alikuwa akisema: mjomba wako ukimwuliza saa, atakueleza alivyolisaidia jua kupanda. Nimecheka kuhusu rubani. Nimecheka, kisha nikaipima chupa mpya. Dizeli.

Sasa nisikilize, bila mzaha. Kila nchi huja kikaoni na hesabu yake ya moshi inayotoa, imejiandikia yenyewe. Mtu akijihesabia dhambi zake mwenyewe unajua atafika ngapi. Vituo kama chako ndivyo mashahidi. Upepo ukipita kwako umebeba siri za nchi tano, na chupa yako inazisema. Mwaka huu zipo nchi zinazotaka vituo vyenye shaka vifutwe kabisa kwenye orodha ya mashahidi. Kufutwa, Mjomba, si kuanzia leo. Ni kumbukumbu yote, miaka kumi, chupa elfu moja na zaidi. Kituo chako kikitoka, upande wetu wote wa ramani unabaki mweupe, na wenye mabomba watasema watakalo. Wanaoungua ni hao wa pembeni uliowataja, wasio na hata kiberiti.

Kikao ni tarehe 20 Mei. Mkuu wa maabara ataulizwa kuhusu kila namba.

Na mimi nimekosea. Namba zako za masanduku matatu nimezifungia kwenye droo. Mkuu akiziulizia nasema mashine inasafishwa. Wewe unapiga chuku kwa mdomo, mimi nadanganya kwa maandishi, tena nikiwa nimevaa koti jeupe.

Ulijazia wapi chupa hizi?

Mpwa wako


Kituo
3 Aprili

Kwa Mtaalamu wa Maabara,

Barua yako imefika. Kwa kuwa chupa zangu zimeonekana ni mashahidi wa uongo, sitakusumbua na nyingine. Sanduku linarudi kama lilivyokuja. Chupa hazikufunguliwa.

Mtunza kituo,
namba yake mnayo


Maabara
19 Aprili

Mjomba,

Nimefungua sanduku. Chupa nne, koki zimefungwa, lebo hazina tarehe. Nilipapasa pamba yote nikitafuta barua ya pili chini ya ile ya mistari minne. Kisha nikakaa sakafuni, kwenye pembe wanapoweka maboksi, mpaka mfagiaji akaomba nisogeze miguu.

Acha nitangulize ukweli wangu, ndipo niombe wako.

Sikai na marais. Ukumbi wa kikao sijawahi kuuona ila kwenye picha iliyobandikwa karibu na lifti. Mimi hufungua masanduku, hufuta vumbi, huunganisha chupa na mashine, huandika namba. Jina langu wanalitamka vibaya, nami nimechoka kuwasahihisha, sasa naitikia hilo hilo. Ijumaa jioni nikisema "haya" kwa mlinzi wa mlangoni, neno linalofuata ni Jumatatu asubuhi, na sauti huwa inakwaruza kama bawaba. Nilikuacha uamini hayo ya marais kwa sababu ulikuwa unafurahi. Nami nilikuwa nafurahi kidogo, kuwa mtu mkubwa mahali fulani, hata kama ni mlimani kwako.

Hapa yanaingia masanduku ya vituo ishirini na vinane. Moja tu lina barua.

Sihitaji sababu. Nahitaji tarehe. Siku gani ulianza kujazia mahali pengine? Nikiipata, nitakata hapo kwa rula. Yaliyo kabla ya siku hiyo yatabaki kuwa ya kweli. Nisipoipata, yote yanaoza kwa ajili ya sehemu moja, kama gunia la viazi.

Jibu lifike kabla ya kikao cha tarehe 20 Mei. Tafadhali, Mjomba.

Chiriku


Mlimani
2 Mei

Chiriku,

Tarehe ni kumi na nne Novemba iliyopita. Jumanne. Naikumbuka kwa sababu ndiyo siku mlinzi wa mnara wa redio, jirani yangu wa kilele cha pili, aliposhuka na godoro lake kichwani. Mnara ulishafungwa. Alinipa taa yake akasema, "Haya mzee, mlima wako." Nikamwambia umekuwa wangu siku zote, wewe ulikuwa mpangaji.

Kuanzia siku hiyo chupa nilijazia kwenye kona ya barabara ya chini, pale malori ya mizigo yanaposimama kupoza breki. Zisome hivyo. Si wiki zote. Wiki za mvua barabara haipitiki, nilibaki kileleni kama zamani, na kwenye daftari nimeweka alama ya mvua. Daftari liko humu sandukuni, limefungwa kwa kitambaa. Utaona alama zinalingana na chupa zako safi. Upande wa mahali niliandika "kileleni" kila wiki. Hapo ndipo nilipodanganya, kwa mkono wangu huu huu, herufi nane.

Miaka kumi ya kabla yake ni halali. Hapo naweza kuapa hadi koo likauke. Nilipanda na homa, nilipanda jino likiuma, nilipanda wiki ile mama yako alipozikwa, kwa sababu ilikuwa Jumanne na sikujua mahali pengine pa kwenda.

Sababu hukuuliza, lakini mwanamume hutoa sababu. Ni goti. Lile la kulia, nililoumia zamani nilipomzuia fahali asiingie darasani. Limezeeka. Kupanda kilele limekataa kabisa, kwa hiyo nikatafuta mahali palipo karibu na pepesi. Basi. Goti.

Toa namba zangu kwenye droo, mwanangu. Usifukuzwe kazi kwa ajili ya mtu aliyeshindwa na goti.

Mjomba wako,
Mtunza kituo


Maabara
26 Mei

Mjomba wangu, shikamoo,

Sanduku lilifika tarehe kumi na saba. Daftari nilimpelekea Mkuu mwenyewe, pamoja na yaliyokuwa kwenye droo. Nilimwambia pia wewe ni nani kwangu. Alilifunga daftari. Kisha akauliza, "Ndiyo hizo karatasi unazozisoma ukiwa umesimama?" Nimepewa onyo la maandishi. Nalistahili, na kazi ninayo bado.

Kikaoni, kama nilivyosimuliwa kwenye ngazi, mjumbe wa nchi moja yenye viwanda vingi alisimama akasema vituo vidogo haviaminiki. Mkuu akawasomea tarehe yako na alama zako za mvua, moja moja, na namba za chupa pembeni. Akamaliza hivi: kituo kinachojua siku kilipokosea ndicho kituo, na akaomba aonyeshwe nchi moja ukumbini inayojua siku yake. Kikao kikafuta ile miezi sita yenye dizeli tu. Miaka yako kumi imebaki kwenye orodha. Upande wetu wa ramani si mweupe.

Sasa jingine. Mkuu ameguswa na habari ya goti. Anataka kukuletea mashine inayojijazia yenyewe, iwekwe kileleni, ili wewe usihangaike tena. Utakaa tu nyumbani kuilinda. Watakuja kuifunga mwezi wa nane.

Kabla sijamjibu nimetazama ramani ya kituo. Kutoka mlangoni kwako hadi kileleni ni mwendo wa dakika kumi na tano. Hadi kona ya malori ni saa nzima kushuka, na kurudi ni kupanda. Ramani hiyo sijamwonyesha mtu. Goti gani hilo, Mjomba, linalopenda safari ndefu?

Chiriku wako


Mlimani
9 Juni

Chiriku,

Chupa nne za humu ni za kileleni, zote. Nilibana pumzi sekunde kumi na tano, nne zaidi kwa tahadhari. Sikufika dakika sita. Sijawahi.

Mwambie Mkuu asilete mashine. Ikija ile, hata Jumanne sitakuwa nayo. Mwambie goti la mzee limepona ghafla, kuna mitishamba huku. Sema lolote lenye heshima.

Goti halina kitu. Goti zima kama la mbuzi. Wewe umeshajua, ulitaka niseme mwenyewe, na mama yako alikuwa hivyo hivyo, anakusubiri mlangoni na jibu lake mkononi.

Mlinzi alipoondoka, Jumanne ile nilifika kileleni nikatandaza vyombo, nikainua mlingoti, nikageuka kusema kitu. Nilikuwa nimezoea, yeye hupiga mluzi kutoka kilele chake na mimi najibu. Nikakuta nimegeukia mawe. Nikakunja vyombo nikashuka navyo hadi barabarani. Nilijiambia ni mara moja. Nikainua mlingoti pale kwenye kona, nikavaa koti la kazi lenye nembo, nikasubiri malori. Niliwaza dereva atasimama, atasema, "Mzee, hiki ni kitu gani?" nami nitamweleza habari za watu milioni na makaa mfukoni, mpaka breki zake zipoe na zipate kutu. Nilijua moshi unaingia chupani. Niliuona. Nikasema kidogo tu hautadhuru, nadhani ndivyo wanavyosema na wale wa mabomba.

Wapo waliosimama kupoza breki. Waliangalia magurudumu yao. Miezi sita, aliyenijia ni mmoja. Alishuka, akafunga vifungo vya shati, akaja moja kwa moja hadi kwenye sanduku langu. Nikakohoa niweke sauti sawa. Akaziangalia chupa, na unajua tunavyozizungushia utepe wa kahawia zisipasuke. Akasema, "Mzee, asali yako chupa moja shilingi ngapi?"

Hili usimwambie Mkuu, wala mfagiaji, wala mtu.

Nilimtajia bei. Tena nilianzia juu sana, Chiriku, ili tukae tukipatana.

Mjomba